KUTU SI DENI LA FUNDI

Ndugu wafanya kazi wa gereji za Kitale na Bungoma,

Yuko mwizi mmoja kazini mwetu ambaye hashikwi na polisi wala hapelekwi kortini, lakini kila wiki huchukua sehemu ya mshahara wa fundi. Mwizi huyo ni kutu. Boliti iliyoshikwa na kutu humwibia fundi mara tatu. Kwanza humwibia saa zake, maana kazi ya saa mbili hugeuka kuwa ya kutwa. Pili humwibia mwili wake, maana spana ikiteleza vidole huchubuka, na kipande cha chuma kikiruka jicho hupotea. Tatu, boliti ikikatika, tajiri husema: "Wewe ndiwe uliyeivunja, utailipa mwisho wa mwezi." Hili la tatu ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Maoni yangu ni haya: kutu si deni la fundi. Gari limekuja nayo, basi gharama yake ni ya gari.

Sisi wa pande hizi twaijua kutu vizuri. Mvua yetu ni nyingi na huendelea kwa miezi mingi, na matope hushika chini ya gari yakakaa na unyevu hata jua likiwaka. Katika Trans Nzoia matrekta na matrela hubeba mbolea wakati wa kupanda mahindi. Mbolea ni chumvi. Huvuta maji yaliyo hewani, na mahali ilipomwagika chuma huliwa usiku na mchana. Upande wa Bungoma matrela ya miwa hutiririkwa na maji ya miwa, ambayo ni matamu mdomoni lakini ni makali kwa chuma, hasa yakichanganyika na tope na kuachwa bila kuoshwa.

Tena yako magari yanayokuja na kutu yao kutoka ng'ambo. Twanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani na Uingereza, na katika sehemu za nchi hizo zenye theluji barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Serikali yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, lakini miaka 8 ya chumvi yatosha kabisa kuzishika boliti zote za ekzosi na za springi. Rangi ya juu hung'aa kama kioo. Fundi akilala chini yake ndipo aonapo mambo. Na juu ya hayo, mitambo ya zamani bado inatafuta riziki mashambani: Land Rover, Peugeot 504, trekta za Massey Ferguson 135 na Ford 5000 zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970. Mitambo hiyo ina umri kuliko mafundi wengi wanaoitengeneza.

Yafaa kila mwanachama ajue boliti hushikwaje, ili aweze kumweleza tajiri na mwenye gari bila kubabaika. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kuwa kutu, na kutu huchukua nafasi mara mbili ya ile ya chuma kilichoizaa, au hata zaidi. Baina ya meno ya boliti na meno ya nati hakuna nafasi ya kutosha, kwa hiyo kutu hujibana humo kama kabari. Pale boliti ya chuma inapoingia katika alumini, kama plagi katika silinda hedi au boliti za giaboksi, madini hayo mawili yakikutana penye unyevu na chumvi alumini huliwa upesi, na unga wake mweupe hubana vilevile. Haya hayakufanywa na fundi. Yalianza miaka mingi kabla hajaletewa gari lile.

Sasa tuangalie kazi moja ambayo kila mmoja wetu anaijua: kubadilisha bushi za springi za Land Rover ya zamani. Boliti ya pale hupita ndani ya bomba dogo la chuma lililo katikati ya mpira wa bushi. Kutu huiunganisha boliti na bomba lile yakawa kitu kimoja. Ukiigonga, mpira unairudisha. Ukiizungusha, bomba linazunguka nayo. Tuseme tajiri amepatana na mwenye gari kwa hesabu ya saa mbili, na fundi analipwa kwa kazi, si kwa saa. Fundi anaanza saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni bado yuko chini ya gari na msumeno wa chuma, anakata boliti kipande kwa kipande. Amemaliza misumeno mitatu, na mkono umevimba. Mwishowe analipwa zile saa mbili, na pengine anakatwa bei ya boliti mpya. Je, hii ni haki? Mkulima akilima shamba lenye mawe hulipwa zaidi ya aliyelima mchanga. Kwa nini fundi alipwe chini kwa sababu kazi yake imekuwa ngumu zaidi?

Ndugu zangu, juu ya jambo la kukatwa mshahara sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa mfanya kazi ameifanyia hivyo kwa makusudi yake. Shikeni neno hilo: makusudi. Boliti iliyoliwa na kutu ikikatika mkononi mwa fundi anayeifungua kwa taratibu, hapo hakuna makusudi yoyote. Wala asikudanganye mtu kwamba wewe ni kibarua tu na sheria haikujui. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi. Basi, ukiona shilingi zimepungua, usinung'unike peke yako njiani kwenda nyumbani. Uliza zimekatwa kwa kifungu gani, uandike tarehe na kiasi, kisha umletee mjumbe wa chama.

Lakini yatupasa tumsikilize na tajiri, maana si kila neno lake ni uongo. Yeye husema mambo mawili. La kwanza, kwamba mwenye gari hatakubali kulipa zaidi ya bei waliyopatana. La pili, kwamba wako mafundi wanaokimbilia tindo na bomba refu kabla hata hawajafuta matope, wakaharibu kitu ambacho kingefunguka.

La kwanza nalijibu hivi: mwenye gari hukasirika akiambiwa jioni, lakini huelewa akiambiwa asubuhi. Gari likiingia, fundi na alitazame chini kwa dakika kumi, aguse boliti zile anazozishuku, kisha amwite mwenyewe aje aone kwa macho yake. Karatasi ya kazi iandikwe mstari mmoja: "Boliti zenye kutu zikikatika, saa na spea zake zitahesabiwa mbali." Mwenye gari atie sahihi. Hapo tajiri hapotezi, fundi hapotezi, na mwenye gari hajifanyi kwamba ameonewa. Karatasi hiyo ni bei ya kalamu tu. Tajiri asiyetaka kuiandika anataka fundi awe ndiye bima yake.

La pili nalikubali kama neno la kweli, na hapa nawaambia wanachama wenzangu: tukitaka kudai haki, sharti mikono yetu iwe safi. Kufungua boliti iliyoshikwa ni ufundi wenye mpango wake, na fundi anayefuata mpango hawezi kulaumiwa boliti ikikatika. Mpango wenyewe ni huu.

Safisha kwanza. Brashi ya waya ipite juu ya meno yaliyo nje mpaka chuma kionekane, maana nati haiwezi kupita juu ya tope na kutu.

Tia mafuta ya kupenya, kisha ngoja. Wengi hutia na kuanza kuvuta papo hapo. Hiyo ni kumwaga mafuta bure. Yatie jioni, yatie tena asubuhi. Usiku mmoja wa kungoja hauna gharama kubwa kuliko siku moja ya kutoboa boliti iliyokatika.

Tumia spana ya kiasi chake. Gari za zamani za Uingereza zina boliti za inchi, za Japani na Ufaransa ni za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 yaonekana kama inaingia, kumbe imelegea na itaviringisha kichwa cha nati. Lakini robo tatu ya inchi na milimita 19 ni karibu sawa kabisa, zasaidiana. Penye kutu spana ya mdomo wazi isiguse. Tumia ya pete, au soketi ya pembe 6, inayoshika nati pande zote.

Gonga kabla ya kuvuta. Nyundo juu ya kichwa cha boliti, makofi mengi ya wastani, huvunja kutu ndani ya meno na kuyapa mafuta njia. Kisha jaribu kukaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikisogea hata kidogo, irudishe, tia mafuta, iendeleze. Mbele na nyuma, mbele na nyuma. Anayeivuta moja kwa moja baada ya kusogea ndiye anayeikata.

Jua upande wa kufungulia. Malori mengi ya zamani ya Japani, kama Isuzu na Mitsubishi, nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha zile za kulia, na boliti nyingi zina herufi L kichwani. Mwanagenzi asiyeambiwa hilo hutia bomba la mita moja na kuikaza nati hata boliti ikatike. Hapo kosa ni la aliyempa kazi bila kumfundisha.

Penye giaboksi na difu, legeza kwanza nati ya kujazia oili kabla ya kufungua ile ya kumwagia. Ukimwaga oili yote halafu nati ya kujazia ikakataa, gari halitoki gereji siku hiyo. Plagi zilizo katika hedi ya alumini, acha injini ipoe kwanza, uzitoe kwa kuzirudisharudisha.

Yote hayo yakishindikana ndipo moto. Choma nati, si boliti, ili nati ipanuke kuliko boliti. Nta ya mshumaa ikiguswa penye meno yaliyo moto huyeyuka na kuingia ndani. Na ikikatika licha ya hayo, yako mambo ya kufanya: kuchomelea nati mpya juu ya kisiki chake, au kutoboa katikati kwa drili baada ya kupiga alama sawasawa. Fundi mwenye subira huitoa bila kuharibu tundu. Haraka haraka haina baraka, nasi twaiona methali hiyo kila siku kwa macho.

Na kwa kuwa nimetaja moto, sharti niseme juu ya uhai wetu, maana mshahara bila mtu wa kuupokea haufai kitu. Usichome nati ya gurudumu wala rimu ikiwa tairi limo juu yake, hata kama upepo umetolewa. Mpira ukipata joto hutoa gesi, na tairi hupasuka kama bomu. Liondoe tairi kwanza. Malori yenye breki za upepo yana chumba nyuma ambamo springi nene imebanwa kwa nguvu nyingi sana. Pete ya chumba hicho ikishikwa na kutu, usiikate wala usiichome, maana springi hiyo ikiruka huua. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliomo. Dawa ya kusafishia breki isikaribie moto, maana ziko zinazogeuka kuwa hewa ya sumu. Nyundo ikipiga tindo, miwani ya kujikinga iwe machoni, si mfukoni wala juu ya kofia.

Lakini miwani hiyo itoke wapi? Katika gereji nyingi haipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri ampe mfanya kazi vifaa vya kujikinga. Na ukiumia, Sheria ya Fidia ya mwaka huohuo yataka taarifa itolewe kwa tajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Wengi wetu hufunga kidole kwa kitambaa na kuendelea. Wiki ya pili mkono umevimba, tajiri anasema hajui uliumia wapi. Toa taarifa siku hiyohiyo, mbele ya mwenzako. Hata mwanagenzi wa mkataba amo katika sheria hiyo. Si mtoto wa kutumwa chai tu.

Najua kwamba wenzetu wengi hawana tajiri. Hufanya kazi zao jua kali, kando ya barabara ya Kiminini, ya Webuye, au nyuma ya soko, na kila mtu hujadiliana na mwenye gari mwenyewe. Hao pia kutu inawala, pengine zaidi, kwa sababu mmoja akisema, "Boliti hizi zitaongeza bei," mwenye gari huvuka barabara kwa fundi wa pili, naye kwa njaa yake hukubali bei ya chini, kisha jioni hujuta. Kwa nini mafundi wa mahali pamoja wasikae chini ya mti wao wakapatana neno moja: boliti yenye kutu huhesabiwa mbali? Mwenye gari akivuka barabara akute jibu lilelile, atarudi. Umoja huo hauhitaji ofisi wala muhuri.

Hasara ya kukosa umoja huonekana zaidi kila mwanzo wa mwaka. Mwezi wa Januari mpaka Machi kila mwenye shamba ataka trekta yake jana, maana mvua inakuja na ardhi haijalimwa. Hapo hakuna anayetaka kusikia habari ya kutia mafuta na kungoja mpaka asubuhi. "Piga! Kata! Fungua leo!" Fundi hupiga, boliti hukatika, na mashini ile iliyotakiwa kwa haraka hukaa siku tatu zaidi. Kisha lawama yote humwangukia fundi. Trekta hiyo ilisimama kwenye banda tangu mavuno yalipokwisha. Kama ingeletwa Desemba, boliti zile zingepata usiku mwingi wa kunywa mafuta. Haraka ya mwenye shamba isiwe hasara ya mfanya kazi.

Basi, mimi naona mkutano wa matawi yetu uyachukue mambo manne na kuyapeleka kwa wenye gereji. Moja, gari likaguliwe na karatasi iandikwe kabla ya kazi kuanza. Pili, saa za boliti zenye kutu zilipwe kwa yule aliyezitumikia, si zibaki kwa tajiri peke yake. Maana nimesikia pia gereji ambazo mwenye gari alitozwa zaidi, na fundi asione hata senti. Tatu, mshahara usikatwe kwa boliti iliyokatika ila ithibitishwe kwamba fundi alifanya kwa makusudi. Nne, gereji iwe na vifaa: spana za kiasi sahihi, mafuta ya kupenya, drili zenye makali, na miwani ya kutosha kila mtu.

Nasi kwa upande wetu tuwatume vijana wakajifunze. Kitale kuna chuo cha ufundi, na karibu na Bungoma kuna chuo cha Sang'alo. Na wale waliojifunza kwa mikono tu wafanye mtihani wa serikali wa gredi, maana tangazo la mishahara ya chini hutenga fundi asiye na gredi mbali na wa gredi ya III, ya II na ya I. Ujuzi usioandikwa popote ni rahisi kulipwa kidogo.

Liko jambo la mwisho, ambalo halihitaji mkutano wala barua kwa tajiri. Unapoirudisha boliti, safisha meno yake na uyapake grisi inayostahimili joto kidogo, isipokuwa pale mtengenezaji alipokataza, na usipake pale nati ya gurudumu inapokalia rimu. Ukiona boliti imechakaa, sema ibadilishwe. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na hakuna atakayekushukuru kwa hiyo, maana aliye na gari haioni na tajiri haihesabu. Lakini baada ya miaka mitano, hapa Kitale au Bungoma au hata Lodwar, fundi usiyemjua atalala chini ya gari hilo na kutia spana, na boliti itafunguka. Atakwenda nyumbani na vidole vyake vyote na mshahara wake mzima. Huyo naye ni mwanachama mwenzetu, na huo nao ni umoja.

Mimi,
Fundi mwenzenu, Tawi la Kitale